Swali la Pili

Jericho, mtaa wa Nairobi, kwenye nyumba za kanjo, yuko mama mmoja mstaafu ambaye vijana wa mtaa wote humwita Shosho, hata wale ambao nyanya zao wako hai na wana nguvu zao. Jioni huketi nje ya mlango wake, na vijana humjia mmoja mmoja wakiwa na karatasi mkononi na wasiwasi usoni. Hawaji kuombewa wala kukopa nauli. Huja kusailiwa. Mtu akisikia kwamba ameitwa intavyuu mahali fulani, iwe ya kazi, ya ufadhili au ya chuo cha ng'ambo, jirani humwambia apitie kwanza kwa Shosho.

Alikuwa muuguzi. Baadaye, kwa miaka mingi, alitembea na vikundi vya utafiti vichochoroni Korogocho na Viwandani, akibisha milango na kuuliza maswali. Hana uzamivu, wala hajawahi kukalia kiti cha jopo lolote la chuo kikuu. Mimi hata hivyo nimewaona maprofesa wakisaili, na nimemwona yeye akisaili, na sina shaka ni nani kati yao ningependa anichagulie daktari.

Siku ninayoikumbuka zaidi alikuja binti wa Umoja aliyekuwa amemaliza shahada ya biokemia. Chuo kimoja cha Marekani kilikuwa kimemwita katika usaili wa ile safari ndefu ya kusomea udaktari wa tiba na uzamivu wa sayansi kwa mpigo, safari ya miaka saba au minane, ambayo mwenye kuimaliza hutoka akiwa tabibu na mtafiti. Usaili wenyewe ungekuwa wa video. Binti alikuwa amejiandaa hadi majibu yake yamepigwa pasi, hayana kunyanzi hata moja.

Shosho akamuuliza kwa nini anavitaka vyote viwili. Binti akajibu kwa Kiingereza cha kuringia kwamba azma yake ni kuziba pengo lililopo baina ya maabara na kitanda cha mgonjwa. Shosho hakuitikia kwa kichwa, hakuandika neno. Alimmiminia chai, akamsogezea sukari.

“Hilo pengo, msichana wangu, wewe uliliona wapi?”

Binti akanyamaza. Ni hapa ambapo wasaili wengi huharibu kazi. Kimya kikidumu kidogo tu, wao hukimbilia kukijaza: hurudia swali kwa maneno mengine, hudokeza jibu, au huruka kwenda kwenye swali linalofuata katika karatasi yao. Shosho alikunywa chai. Matatu zilipita zikipiga honi, mtoto wa jirani akaitwa aoge, akaitwa tena. Kisha binti akaanza kusimulia, kwa Kiswahili sasa na Sheng kidogo, jinsi sampuli za damu za mradi wake wa mwaka wa mwisho zilivyoharibika wikendi moja stima ilipopotea na jenereta ikakosa dizeli. Alizikuta Jumatatu asubuhi zikiwa hazifai kitu.

“Ulimwambia nani kwanza?”

“Sikumwambia mtu, Shosho. Hadi Jumatano.”

“Na hizo siku mbili ulikuwa unafikiria nini?”

Yaliyofuata yalikuwa ya maana kuliko yote aliyokuwa ameyakariri. Alieleza jinsi alivyoshawishika kuyatumia matokeo ya wiki iliyotangulia kana kwamba yametoka katika sampuli zilizokufa, kwa kuwa hakuna ambaye angejua. Alieleza alivyoshindwa kulala. Alieleza pia kuwa damu ile ilikuwa imetolewa na akina mama waliosubiri foleni kliniki toka alfajiri, na kwamba hilo ndilo lililomfanya aende kwa msimamizi wake akaseme. Shosho akaweka kikombe chini. “Basi,” akasema, “sasa umelijibu lile swali la kwanza.”

Namsifu mama huyu kwa ufundi ambao hauonekani. Fundi wa Gikomba akimaliza sanduku la bati, utalishika, utaligonga, utasikia lilivyokazwa. Msaili akimaliza kazi yake hakuna cha kushika. Kilichobaki ni mtu aliyesema kweli ambayo hakupanga kuisema, naye huondoka akidhani ameisema mwenyewe. Swali la kwanza yeyote anaweza kuliuliza, hata karatasi inaweza kuliuliza. Swali la pili ndilo la fundi, kwa maana haliwezi kuandikwa kabla. Huzaliwa na jibu, na asiyesikiliza jibu hana pa kulitoa.

Wamarekani wana desturi yao katika jambo hili, nayo naipa heshima yake. Tangu mwaka 1964 taasisi yao ya taifa ya afya imekuwa ikifadhili mafunzo haya ya shahada mbili, na kwa kuwa gharama ni kubwa na miaka ni mingi, wamezoea kumtazama mwombaji kwa karibu. Huzungushwa kwa mwanasayansi mmoja baada ya mwingine. Hao humuuliza kuhusu utafiti alioufanya kwa mikono yake: kwa nini ulichagua njia hii na si ile? Kama matokeo yangekuja kinyume, ungefanya nini? Anayekariri huanguka katika swali la pili au la tatu. Fedha hizo za serikali yao, hata hivyo, ni za raia na wakazi wa kudumu, hivyo mtoto wa Umoja hubaki na milango michache sana ya kubisha, ile ya vyuo vyenye fungu lao wenyewe. Akiitwa kwenye mlango mmoja, ameitwa kweli.

Wanachotafuta, kwa maoni yangu, ni subira za aina mbili ndani ya mtu mmoja. Daktari humvumilia mgonjwa aliye mbele yake, anayeeleza ugonjwa wake kwa kuanzia kwa shemeji yake. Mtafiti huvumilia swali lisilo na jibu, pengine kwa miaka kumi. Wapo wengi wenye subira ya kwanza, na wapo wenye ya pili. Wenye zote mbili ni adimu, na alama za mtihani haziwaonyeshi.

Ufundi wa Shosho haukutoka Marekani. Ulitoka milangoni Korogocho. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, ambacho wengi wanakijua kwa herufi zake APHRC, kilianza kuwafuatilia wakazi wa Korogocho na Viwandani nyumba kwa nyumba: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Wahoji walirudi mlango uleule kila baada ya miezi michache. Palipokuwa na msiba, ilibidi kuuliza zaidi, kwani wengi hufia nyumbani au njiani bila daktari kuandika kilichowaua. Mhoji hukaa na wafiwa, huwauliza dalili zilianzaje, homa ilikaa siku ngapi, mtoto alipumuaje usiku ule. Baadaye madaktari huyasoma majibu hayo na kuamua chanzo cha kifo.

Fikiria kazi hiyo. Unaingia kwenye chumba cha mabati ambamo mama amempoteza mtoto, una fomu ya kurasa nyingi, na unatakiwa umuulize kama kifua cha mtoto kilikuwa kikibonyea ndani alipovuta pumzi. Shosho aliniambia kwamba hakuwahi kuanza na fomu. Alianza na jina. Aliuliza mtoto aliitwa nani, na ni nani aliyempa jina hilo, na alifanana na nani. Mama angesema amefanana na babake, au angecheka kidogo kwa kukumbuka utundu fulani, kisha angelia. Shosho hakuandika mtu akilia. Kalamu alikuwa akiiweka chini ya fomu isionekane. Alingoja hadi mama mwenyewe aseme, “Haya, uliza.” Hapo ndipo fomu ilipotoka.

Nilimuuliza kama wasimamizi hawakulalamika kwamba anachelewa. Walilalamika, akasema, lakini fomu zake hazikurudishwa. Aliyeulizwa vibaya hujibu alimradi mgeni aende zake: homa, siku tatu, basi. Na daktari aliye ofisini, hata akiwa na shahada ngapi, atasoma homa, siku tatu, na ataandika malaria. Elimu yake yote inasimama juu ya adabu ya mtu aliyeketi kwenye kigoda kule Korogocho.

Wala si Korogocho pekee. Majengo, kule Pumwani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Canada, walianza mwaka 1985 kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakifanya ukahaba. Dunia inakumbuka zaidi sayansi iliyotoka pale: kwamba walikuwamo wanawake wachache waliokutana na virusi vya UKIMWI mwaka baada ya mwaka bila kuambukizwa. Kutokana na ajabu hiyo ilitengenezwa chanjo iliyoanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001. Haikufua dafu, ila ilifunza mengi. Nani angejua habari za wanawake hao kama wasingekubali kurudi na kusema kweli juu ya mambo ambayo mtu humficha hata dadake? Marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi, aliketi nao barazani, akawasikiliza, akawapa heshima ambayo mji mzima uliwanyima. Majina ya waliochunguza damu yanatajwa kwenye makongamano. Msikilizaji ndiye aliyewaletea damu hiyo.

Sasa tazama tunavyowapata madaktari wetu. Mtoto hufanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, alama zake huingizwa kwenye kompyuta ya KUCCPS, chombo kinachogawa nafasi za vyuo, naye hupangiwa udaktari bila mtu hata mmoja kumtazama usoni na kumuuliza anataka nini na wagonjwa. Kisha husoma miaka sita, akafanya kazi ya mwaka mmoja chini ya uangalizi, na akijaliwa fedha na mlezi mwema ndipo, nywele zikianza kumwacha, huandika tasnifu ya uzamivu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina mlango mdogo unaowaruhusu baadhi ya wanafunzi wa udaktari kusimama kidogo wasomee shahada ya sayansi, ya anatomia kwa mfano, kabla ya kurejea wodini. Ni mlango mzuri. Wanaoupita ni wachache.

Najua atakayenijibu. Atasema kompyuta haiulizi ubini, haiulizi umetoka kijiji gani, haipokei bahasha. Ni kweli, na aliyeishi Kenya hawezi kubisha. Kulikuwa na majopo ambayo swali lao la kwanza, hata kama halikutamkwa, lilikuwa: wewe ni mtoto wa nani? Watu wa Eastlands walilijua swali hilo vyema kwa kuwa jibu lao halikuwahi kuwa sahihi. Lakini dawa ya usaili mbaya ni usaili mzuri. Chuo cha McMaster kule Canada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilipoona kwamba jopo moja laweza kumwonea mtu, hakikuvunja usaili, kiliugawa. Mwombaji hupita vituo vingi vifupi, kila kimoja na msaili wake, ili chuki au upendeleo wa mmoja usimzamishe wala kumwokoa. Sisi tulipoona nyoka ndani ya nyumba tuliihama nyumba.

Na hata pale usaili uliposalia, unaliwa polepole. Siku hizi mwombaji huambiwa ajirekodi peke yake: swali huandikwa kwenye skrini, saa huhesabu sekunde kurudi nyuma, naye huongea na sura yake mwenyewe. Hakuna swali la pili hapo. Wahoji wa mitaani nao wamepewa tableti inayowaambia ruka hadi swali la kumi na nane, na wanaruka, hata mama akiwa ndiyo kwanza amefungua mdomo. Majibu ya ufadhili yanaandikwa na akili mnemba, yote yanaziba pengo lilelile baina ya maabara na kitanda. Na wale wanaojua kungoja wanazeeka, mmoja mmoja, kwenye nyumba za kanjo ambazo nazo zimo katika orodha ya kubomolewa, wala sijasikia chuo kilichowaita wakafundishe.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi mnaoshika hatima ya watoto hawa, wakuu wa skuli za udaktari na wenye fedha za utafiti: waiteni mbele yenu. Wapeni nusu saa kila mmoja, na kiti, na maji ya kunywa. Waulizeni jambo walilolifanya wenyewe likaharibika. Kisha nyamazeni. Na kama hamjui kunyamaza, Jericho si mbali. Shukeni Barabara ya Jogoo, mtaelekezwa.