"Lemonade" na Ladha ya Tafsiri

Wafasiri wengi wa hadithi za Kiingereza hulipita neno "lemonade" kwa haraka, kana kwamba ni kinywaji kimoja ulimwenguni kote. Huandika "soda" hapa na "maji ya ndimu" pale, pengine ndani ya kitabu kimoja. Mwingereza aagizapo kinywaji hicho mkahawani huletewa kitu kitamu, cheupe kama maji, chenye gesi. Mmarekani humaanisha maji yaliyokamuliwa limau na kutiwa sukari, yasiyo na gesi hata chembe. Basi mtoto wa hadithi ya Kimarekani aliyeweka meza mbele ya nyumba yao hauzi soda, na mfasiri anayempa soda humgeuza kuwa mchuuzi wa chupa za kiwandani. Kazi ya mikono yake imepotea. Neno la kumfaa lipo, nalo si geni barazani: sharubati ya limau. (Wafaransa wameliburura neno mbali zaidi: kwao "limonadier" ni mwenye mkahawa, hata kama hajapata kukamua limau maishani mwake.)

Tatizo zito zaidi ni la methali. Mwaka 1915 Mmarekani Elbert Hubbard, katika taazia ya mchekeshaji Marshall P. Wilder, alimsifu marehemu kwa taswira ya mtu aliyeokota malimau aliyotupiwa na majaaliwa, akafungua nayo kibanda cha kuuzia kinywaji. Taswira hiyo ikawa msemo, na mwaka 2016 Beyoncé akaliweka neno "Lemonade" kuwa jina la albamu yake inayosimulia usaliti katika ndoa. Msemo husimama juu ya mazoea ya Wamarekani, ambao huliita limau hata gari bovu lililouzwa kama zima.

Sasa utiwe katika Kiswahili neno kwa neno: maisha yakikupa malimau, tengeneza sharubati. Msomaji wa pwani atauliza, msiba uko wapi? Limau kwake ni neema. Samaki hangojei jingine, na likizidi hutiwa achari. Aliyeletewa kikapu cha malimau hushukuru. Tena limau ni kali, si chungu, na Kiswahili hakichanganyi ladha hizo mbili: mtu huonja machungu ya dunia, wala hakuna aliyepata kulia kwa uchachu wake. Kwa uchungu huo washairi wana neno lao la siku nyingi, shubiri.

Lakini shubiri haikamuliwi ikanywewa kwa raha, na hapo ndipo mfasiri mvivu hurudi kwenye limau lake. Jina la albamu na libaki kama lilivyo, kwani ni jina. Methali ni jambo jingine. Anayemwandikia Mswahili habari za Wilder atamweleza vyema zaidi akisema kwamba alilishwa shubiri, naye akawagawia watu asali. Kinywaji kimepotea, uchungu umebaki.