Kuwasha na Kuzima Makontena ya Kompyuta: Maoni Juu ya Rasimu ya Istilahi

Tumeletewa kwa maoni rasimu ya mwongozo wa Kiswahili uliokusudiwa watumishi wa idara moja ambao kazi yao ni kuangalia kompyuta kubwa za kuhifadhia kumbukumbu. Rasimu hiyo inafasiri sura moja tu ya maelekezo ya programu iitwayo Incus: ile inayoeleza jinsi makontena yanavyowashwa pindi kompyuta iwakapo, na jinsi yanavyozimwa pindi kompyuta hiyo izimwapo, pasipo mtu kuketi mbele yake. Kiswahili chake ni safi na husomeka bila kukwama. Linalotusumbua ni kwamba mtumishi atakayekifuata neno kwa neno ataharibu kazi.

Kwa faida ya wasomaji wasio wa fani hii, yafaa tueleze kwamba kontena linalotajwa hapa si lile la bandarini, ijapokuwa jina limetoka huko. Ni sehemu iliyotengwa ndani ya kompyuta moja iendeshwayo kwa Linux, yenye mafaili yake, watumiaji wake na huduma zake, lakini ikishirikiana na kompyuta mwenyeji kiini kimoja cha mfumo. Yako makontena yanayobeba programu moja tu, kama yale yaliyoenezwa na Docker tangu mwaka 2013. Yako pia yanayobeba mfumo mzima, nayo ndiyo ya LXC ya mwaka 2008, ya LXD ya mwaka 2014, na ya Incus, iliyochipuka kutoka LXD mwaka 2023. Rasimu inayaita haya ya pili "makontena ya mfumo". Hatuna ugomvi mkubwa na jina hilo, ila kiunganishi "-a" kina mlango mpana: kontena la mchele lina mchele ndani, lakini kontena la shirika ni mali ya shirika. "Kontena la mfumo mzima" lingeondoa shaka. Tupite.

Kosa kubwa limo katika neno "kipaumbele". Incus humtaka mtumishi alipe kila kontena namba ya kuonyesha lipi litangulie kuwashwa, na namba nyingine ya kuonyesha lipi litangulie kuzimwa. Mfasiri ameandika "kipaumbele cha kuwasha" na "kipaumbele cha kuzima", kisha akatoa mfano wake mwenyewe wa makontena matatu: moja la hifadhidata, moja la programu ya kupokea maombi ya leseni, na moja la ukurasa ambao wananchi huufungua. Kila mtu anajua kwamba hifadhidata haina budi iwake kwanza na izimwe mwisho, maana wenzake wawili huitegemea. Kwa hiyo mfasiri ameipa kipaumbele 1 katika kuwasha, na kipaumbele 3 katika kuzima.

Katika Kiswahili mfano huo hauna kasoro. Kipaumbele cha kwanza ndicho kitanguliacho vyote. Ndivyo tusemavyo katika hotuba, katika bajeti na katika mipango ya maendeleo. Lakini Incus huhesabu kinyume. Kwake namba kubwa ndiyo itanguliayo, katika kuwasha na katika kuzima pia. Kwa hiyo hifadhidata ya rasimu itawaka mwisho, baada ya programu ya leseni kuitafuta na kuikosa. Na siku ya kuzima itatangulia kuzimwa, ilhali programu ya leseni ingali ikiiandikia. Hifadhidata nyingi hujua kujiponya zikizimwa vibaya, lakini ombi la mwananchi lililokuwa njiani halina wa kuliponya.

Mtu atasema kwamba dawa ni tanbihi moja tu chini ya ukurasa. Sisi hatukubali, kwa kuwa mtumishi huyohuyo huenda kesho akapewa kompyuta iendeshwayo kwa Proxmox, na huko namba 1 ndiyo ya kwanza kuwaka na ya mwisho kuzimwa, kwa namba hiyohiyo moja. Mambo haya ni mawili, nayo yanastahili majina mawili. Kwa desturi ya Proxmox twapendekeza "zamu": asiyejua zamu ya kwanza ni ipi hayupo. Kwa desturi ya Incus twapendekeza "uzito": aliye mzito hutangulia, na uzito wa 30 hauwezi kudhaniwa kuwa chini ya uzito wa 10. "Kipaumbele" kibaki kwa wapanga mipango.

Rasimu pia husema "makontena yanayojiwasha". Kontena halijiwashi, huwashwa na programu iliyo kwa mwenyeji. Mtumishi akisoma "kujiwasha" ataingia ndani ya kontena kutafuta pa kurekebisha, na hatapaona. "Kuwashwa na mwenyeji" ni refu kidogo, lakini ni kweli. Tena rasimu inaeleza kwamba nafasi ya kuwashwa hujazwa "ndiyo" au "hapana", na ikiachwa wazi ni "hapana". Sivyo. Ikiachwa wazi, kontena hurudishwa katika hali liliyokuwa nayo mwenyeji alipozimwa: lililokuwa likiwaka litawaka, lililozimwa litabaki limezimwa. Hapa kunyamaza si kukataa.

Ama neno "simamisha", limetumika kwa kuzima na kwa kugandisha kazi kwa muda. Mtumishi aliyesimamishwa kazi jina lake lingali katika daftari. Kwa hiyo neno hilo laifaa ile hali ya pili peke yake. Kuzima kwa taratibu kuitwe "kuzima", na kukatiza ghafla kuitwe "kuzima kwa nguvu". Vijana wa fani husema "kuua". Katika mazungumzo hatuwakatazi.

Mwisho ni "wakati wa kuzima: 30". Tulimwonyesha karani mmoja maneno hayo, naye akauliza kama ni dakika 30 baada ya saa ngapi. Hakukosea. Kinachokusudiwa ni sekunde ambazo mwenyeji hulingoja kontena likamilishe kujifunga kabla ya kulizima kwa nguvu, nazo ni 30 mtumishi asipoandika nyingine. Kiswahili kinalo neno "subira". Iandikwe "subira ya kuzima: sekunde 30", na mwenye hifadhidata kubwa aelezwe papo hapo kwamba anaruhusiwa kuiongeza.