Kiguzo cha Ngazi Kilichovunjika Shingoni

Kiguzo kilivunjika siku walipokuwa wakipandisha kabati. Nyumba iko Kibiti mjini, ya ghorofa moja, na ngazi yake ni ya mbao chini hadi juu, jambo lisilo la kawaida huku, ambako ngazi nyingi ni za zege. Kilikatika shingoni, chini kidogo ya mkono wa ngazi. Mtu wa kwanza kuitwa alikipaka gundi akakipigilia msumari. Kikashika mwezi mmoja, kisha kikaachia tena, na safari hii msumari ulikuwa umepasua pande zote mbili za shingo.

Wote pale nyumbani walilaumu kabati. Fundi wa pili hakulitaja. Alivishika vipande viwili mlangoni penye mwanga, akavizungusha taratibu. Mti wenye afya ukivunjwa huacha vibanzi virefu, kama ufagio uliochakaa. Hiki kilikatika safi, kwa mshazari, kama muwa uliokatwa kwa panga.

"Tazama uzi, mzee," aliniambia. "Umeingilia huku, umetokea huku."

Hapo ndipo ilipo siri yote ya kazi hii. Shingo ya kiguzo ina unene wa milimita 20 tu. Nyuzi za mti zikienda sambamba na urefu wake, kukivunja ni lazima uzikate zenyewe. Zikilala mshazari, zinaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili kabla shingo haijaisha, na kinachobaki kuishikilia ni ule mshikamano hafifu kati ya uzi na uzi. Kosa lilifanyika kwenye msumeno, miaka kabla ya kabati kununuliwa. Aliyepasua ule ubao alifuata kamba aliyoipiga, hakufuata mti.

Ukiteremka kutoka Kibiti hadi delta ya Rufiji, kwa njia ya Nyamisati, utakuta watu wasioweza kufanya kosa hilo. Boriti za mikoko ya Rufiji, zilizopakiwa majahazini kwenda Zanzibar na Arabuni kwa karne nyingi, hazipasuliwi; hutumika mviringo kama zilivyoota, nyuzi zote nzima. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja ni vyembamba, mita 3 hivi, kwa sababu boriti nzuri haivuki zaidi ya hapo. Na mtengeneza mashua akitaka taruma lililopinda hachongi umbo hilo kutoka ubao ulionyooka. Huzunguka msituni akitafuta tawi lililokwisha kupinda lenyewe, ili uzi upinde pamoja na umbo.

Mwenye nyumba, aliposikia hayo, akauliza kwa nini basi kisikerezwe kiguzo cha mkoko. Swali zuri, jibu ni hapana. Mkoko ni mzito mno, na ukikauka husinyaa sana na kupasuka. Kwenye boriti nene ufa wa kukauka haudhuru kitu. Kwenye shingo ya milimita 20 ufa huohuo ndio mwisho wa kiguzo. Tena mikoko ni msitu wa hifadhi, haukatwi bila kibali. Fundi alichagua mninga, ambao husinyaa kidogo na hukubali patasi. Hata hivyo mninga nao una tabia ya nyuzi kupishana, kwa hiyo alianza kwa kupasua ncha ya gogo kwa shoka, aone uzi unaelekea wapi. Kipande cha kwanza alikitupa. Cha pili kilipasuka kikiwa kimenyooka.

Kwa nini hakurudishia kile cha zamani kwa kigingi cha ndani? Tulibishana hapa, nami nilishindwa. Ukitoboa tundu la milimita 8 katikati ya shingo ya 20, ukuta unaobaki ni milimita 6 kila upande, na ni ukuta wa mti uleule wenye nyuzi za mshazari.

Ukerezaji wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia. Wakereza wa kale wa pwani waliendesha keezo kwa upinde, na chombo kilikata mti ulipozunguka upande mmoja tu. Huyu ana mota. Taabu ilikuwa katikati: kijiti kirefu chembamba kinapozunguka hucheza kama kamba, na patasi huacha mawimbi. Aliweka panda ya mti nyuma yake, akaipaka nta ya mshumaa, mchezo ukatulia.

Kukiingiza ndiko kulikonifurahisha. Mkono wa ngazi umefungwa, kidato kimefungwa. Utaingizaje kijiti chenye ncha ndani ya matundu mawili yanayotazamana bila kubomoa chochote? Dawa ni kutolinganisha kina. Kati ya kidato na mkono palikuwa na milimita 800. Tundu la chini lina kina cha 12, la juu 30. Kiguzo akakikata 827. Ukikisukuma juu, milimita 27 zinazama ndani ya mkono na ncha ya chini inapita juu ya kidato. Kikisimama wima unakishusha 12, na juu bado zinabaki 15 zilizoshika. Kwa kuwa mkono umeinama, midomo ya tundu la juu hailingani, basi vipimo vyote vilianzia mdomo ulio juu zaidi. Angepima kutoka wa chini, kiguzo kingechomoka.

Gundi aliipaka chini tu. Juu alipitisha pini nyembamba ya shaba kutoka ubavuni, isiyoshika kutu, ili atakayekuja baadaye aweze kuichomoa. Nina lawama moja: hakuipaka vanishi ncha ya chini kabla ya kuizamisha, na maji ya kudekia hufyonzwa hapo kwanza.

Alipomaliza hakufunga mkoba. Alipanda ngazi akipitisha kidole gumba kwenye shingo ya kila kiguzo, akasimama kwenye cha nne, halafu cha tisa. Akavitia alama ya chaki. Mwenye nyumba akamwuliza viwili hivyo vitakuwa bei gani.