Ndui Isiyo Ndui: Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Samaki wa Tangini

Neno mbuna, ambalo watu wa Ziwa Nyasa hulitumia kwa samaki wadogo wakaao kwenye miamba, leo hutamkwa na wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani bila kutafsiriwa. Samaki wa Ziwa Tanganyika nao wamesafirishwa kwenda huko kwa miongo mingi. Ni ajabu basi kwamba samaki hao hao wakiugua katika tangi la kioo hapa kwetu, mfugaji hukosa jina la kuuita ugonjwa wao. Kwa sababu hiyo tuliipokea kwa furaha orodha fupi ya istilahi za maradhi ya samaki, isiyotaja mtungaji wake, ambayo imekuwa ikipita mikononi mwa wafugaji. Juhudi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, istilahi ya tiba haipimwi kwa utamu wake masikioni tu. Hupimwa pia kwa kile atakachokitenda mtu baada ya kuisoma. Kwa kipimo hicho, orodha hii ina kasoro zisizofumbiwa macho.

Kasoro kubwa kuliko zote ni istilahi "ndui ya samaki", iliyopewa ugonjwa unaomtapakaza samaki vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi. Mtungaji bila shaka ameiga "ndui ya kuku". Lakini ndui ya kuku huletwa na virusi walio jamaa moja na wale wa ndui ya binadamu, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kuwa imetokomezwa. Hapo mfanano ni wa asili, si wa sura tu. Vidoa vya samaki huletwa na kimelea cha jamii ya protozoa, na maisha yake yana hatua tatu: hula chini ya ngozi ya samaki, kisha hudondoka, hujifunga katika kifuko na kugawanyika mara nyingi, mwishowe vitoto vyake, ambavyo huweza kuwa mamia, huogelea kumtafuta samaki mwingine.

Orodha inaziita hatua zote tatu "kijidudu", kisha inaagiza: "Tia dawa hadi vidoa vitoweke." Hapa ndipo neno linapoua. Dawa za kawaida humpata kimelea anapoogelea tu. Akiwa ngozini au kifukoni huwa amejikinga. Vidoa vikitoweka, maana yake kimelea amehamia chini ya tangi, si kwamba amekufa. Mfugaji anayeacha dawa siku hiyo ataamka baada ya siku chache na kukuta tangi zima limevamiwa. Katika maji ya nyuzi 25 za Sentigredi mzunguko huu huweza kumalizika kwa muda wa wiki moja hivi. Katika maji ya baridi huchukua wiki nyingi. Twapendekeza "mlishi", "kifuko" na "mwogeleaji" kwa hatua hizo, na "ugonjwa wa vidoa vyeupe" kwa maradhi yenyewe.

Kasoro ya pili ni "ukungu wa mdomo". Ni kweli kwamba utando mweupe hutanda mdomoni kama pamba, na lugha za kigeni nazo zimewahi kudanganywa na sura hiyo. Lakini kisababishi chake ni bakteria. Mwenye kuamini jina hununua dawa ya kuvu, isiyomfaa kitu. Na akiongeza joto la maji kama afanyavyo kwa vidoa vyeupe, huuchochea ugonjwa. "Mdomo-pamba" latosha: laeleza kinachoonekana bila kusingizia chanzo.

Ama kuhusu "safura" kwa samaki aliyevimba tumbo na kusimama magamba, msomaji wa Kiswahili akilisikia neno hilo hufikiri minyoo na upungufu wa damu. Uvimbe huu si ugonjwa mmoja, bali ni dalili ya maji kujaa mwilini, na vyanzo vyake ni vingi. Uitwe "uvimbemaji", uwekwe miongoni mwa dalili.

Upande wa kinga, twasifu kubakizwa kwa "karantini", neno lililokwisha kuwa letu, ambalo laeleza vema desturi ya kumtenga samaki mgeni wiki kadhaa kabla ya kumchanganya na wenyeji. Lakini "kusafisha tangi" ni agizo la hatari. Mwenye bidii ataosha kila kitu, pamoja na chujio, na kuwaangamiza bakteria wanaoigeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa naitraiti na hatimaye naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Ni bora kutofautisha "kubadili maji kwa sehemu" na "kuosha".

"Kuoza mapezi" tunaiunga mkono kikamilifu: kila mtu aielewa, wala haidai zaidi ya kile inachokijua.

Rai yetu ni kwamba orodha ipangwe upya katika safu tatu, yaani dalili, kisababishi na ugonjwa, na neno lisiruhusiwe kuhama safu bila ushahidi. Mabwana samaki na wafugaji wakutane na wanalugha kabla haijasanifiwa. Samaki hawezi kusema aumwapo. Tusimwongezee msiba kwa kumsemea vibaya.