Kasi Si Nguvu

Jina "waya wa kasi", litumiwalo madukani, lina kasoro. Waya wa USB-C hufanya kazi mbili: hupitisha umeme na husafirisha data. Waya uwezao kupitisha wati 240, kiwango kilichowekwa mwaka 2021, huenda ukasafirisha megabiti 480 tu kwa sekunde, kiwango cha mwaka 2000. Ndani ya waya huo mna chipu inayovitangazia vyombo nguvu na kasi, kila moja peke yake. Vyombo havikosei, akosaye ni mnunuzi, kwani yeye ana jina tu la kumwongoza. Twapendekeza, basi, neno "nguvu" litumike kwa umeme, "kasi" kwa data, na kila waya uuzwe ukiwa umeandikwa yote mawili.