Ahueni Si Kupona

Sisi tunaojifunza Kiswahili nchini Uganda tuna mazoea ya kuyatafuta maneno yake ndani ya lugha zetu, na mara nyingi huwa tunayapata. Kitenzi pona hakimsumbui Mganda: kwake ni okuwona. Sauti p ya Kiswahili hapa inalingana na w ya Luganda, kama ilivyo katika kupa na okuwa. Hata upana wa maana unafanana, kwa kuwa aliyeponea chupuchupu barabarani hakuwa mgonjwa, ameepuka hatari.

Mimi nilikwama kwenye ahueni. Katika zoezi la tafsiri nilipewa maelezo ya dawa za kifua kikuu, yenye onyo kwamba mgonjwa akipata ahueni asiache dawa. Nikaandika okuwona. Mhadhiri akaniuliza swali moja tu: aliyekwisha kupona anywe dawa za nini? Matibabu hayo kwa kawaida huchukua miezi 6, ilhali kikohozi na homa huweza kupungua ndani ya wiki chache. Tafsiri yangu ingempa mgonjwa sababu ya kuacha dawa wakati ule ule ambao onyo lilikusudia kumzuia.

Asili ya neno ingeniokoa. Ahueni limetokana na Kiarabu ahwan, yaani nyepesi zaidi, rahisi zaidi. Ni umbo la kulinganisha, sawa na afdhal lililotupatia afadhali. Kwa hiyo ndani ya ahueni mna "kuliko" iliyojificha: kuliko jana, kuliko kabla ya sindano. Tunasema "leo ana ahueni" na hatujipingi kesho akizidiwa. Lakini aliyepona akiugua tena, tunasema ugonjwa umemrudia.

Ndiyo maana siridhiki na desturi yetu ya darasani ya kuyapanga ahueni, nafuu na kupona katika mstari mmoja kama visawe. Nafuu iko karibu na ahueni, ingawa imepitia njia nyingine: imetoka katika neno la Kiarabu la manufaa, na hata bei huwa nafuu. Kupona kunasimama mbali na hayo mawili.

Zoezi nililirekebisha kwa maneno mengi zaidi ya Luganda: mgonjwa akijisikia vizuri kuliko alivyokuwa, aendelee na dawa. Sentensi imekuwa ndefu, na mhadhiri alilalamikia urefu wake. Sikuifupisha.