Injini ya Sataranji: Ipange Vizuri, Iulize Mwisho

Mchezaji wa sataranji anayetaka kuchambua michezo yake leo hapungukiwi na nguvu. Mwaka 1997, ili kumshinda Garry Kasparov, IBM iliunda mashine maalumu, Deep Blue, iliyoweza kukagua nafasi zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Leo injini iitwayo Stockfish inapakuliwa bure, na hata ndani ya simu inacheza vizuri kuliko mashine ile. Kinachotukwamisha ni matumizi. Tunaipakua, tunaiacha ilivyokuja, tunatazama namba ikipanda na kushuka, kisha tunafunga kompyuta bila kujua tulikosea wapi wala kwa nini.

Nami nilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Hapa naeleza jinsi nilivyopanga upya kompyuta yangu ya zamani, yenye rami ya GB 4, ikawa chombo cha kujifunzia.

Injini haina ubao

Ukibofya faili la Stockfish moja kwa moja, hufunguka dirisha jeusi lenye mstari mmoja wa maandishi, basi. Anayetarajia kuona kete hudhani faili limeharibika. Injini ni akili tupu. Inahitaji programu ya pili ya kuonyesha ubao, kufungua faili za michezo na kuipelekea maswali. Lugha ambayo programu hizo mbili huzungumza inaitwa UCI, na ilitungwa mwaka 2000 na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen. Kwa sababu yake injini yoyote inayoijua hukaa kwenye ubao wowote unaoijua, kama sufuria mbalimbali zinavyokaa kwenye mafiga yaleyale. Kwa hiyo unachagua mara mbili: ubao, kisha injini.

Kwa ubao, ChessBase ya Hamburg, Ujerumani, ndiyo inayotegemewa na wachezaji wengi wa kulipwa, lakini inauzwa. Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ni ya bure na haina matangazo. Ni mahali pazuri pa kuanzia, ila inataka intaneti, na bando likiisha uchambuzi nao umekwisha. Mwenye simu ya Android anaweza kuweka DroidFish, ambayo huja na Stockfish ndani yake na haihitaji mtandao. Kwenye kompyuta nilichagua Scid vs. PC. Ni ya bure, haihitaji mashine kubwa, na ina jambo ninalolithamini kuliko yote, ghala la michezo. Kila mchezo ninaocheza naweka humo kwa muundo wa PGN pamoja na maelezo yangu, na baada ya miezi naweza kutafuta michezo yote iliyopita kwenye ufunguzi fulani.

Kwa injini, ushindani ulikuwa kati ya Stockfish na Leela Chess Zero. Leela ilianza mwaka 2018 kwa kufuata nyayo za programu ya AlphaZero. Ina jicho la ajabu katika nafasi za mkakati, lakini bila kadi ya michoro yenye nguvu inajikokota. Stockfish ilizaliwa mwaka 2008 kutokana na Glaurung, injini ya Mnorwe Tord Romstad. Tangu toleo la 12 la mwaka 2020 hupima nafasi kwa mtandao mdogo wa neva uliobuniwa mahsusi kwa prosesa za kawaida. Mwenye kompyuta isiyo na kadi hiyo asihangaike, achukue Stockfish.

Faili sahihi kwa prosesa yako

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Ukurasa wa kupakulia una mafaili kadhaa ya toleo lilelile, yakitofautiana mwishoni mwa jina: avx2, bmi2, sse41-popcnt. Nilichukua la avx2 kwa kuwa lilisemekana kuwa la kasi zaidi. Scid ilipoiita injini, ikafa palepale bila neno.

Herufi hizo ni majina ya seti za amri ambazo prosesa inazifahamu. AVX2 iliingia kwenye prosesa za Intel mwaka 2013. Kompyuta yangu ilitengenezwa kabla ya hapo, kwa hiyo ilipewa amri isizozijua. Nilipochukua faili la sse41-popcnt, injini iliwaka mara ya kwanza. Ikiwa injini yako inakufa bila sababu, anza kuangalia hapo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Mipangilio mitatu

Stockfish huja imepangwa kwa tahadhari, ili iweze kuwaka kwenye mashine yoyote. Hutumia uzi mmoja tu wa prosesa, MB 16 za rami za kutunzia nafasi, na huonyesha njia moja peke yake. Mipangilio hiyo mitatu ndiyo ya kubadili.

Wa kwanza huitwa Threads. Idadi ya nyuzi ikiongezeka, utafutaji huenda kasi. Prosesa yangu ina nyuzi 4, nami nikaipa injini 3 ili moja ibaki kwa kazi nyingine. Nilipozitoa zote nne, feni ilivuma kama mashine ya kusaga, na ubao wenyewe ukawa mzito kubofya.

Wa pili ni Hash, sehemu ya rami ambamo injini hutunza nafasi ilizokwisha kuzikagua isizirudie. Nafasi moja hufikiwa kwa mpangilio mwingi tofauti wa hatua, kwa hiyo daftari hili likiwa dogo mno kazi nyingi hurudiwa bure. Niliweka MB 512. Usiipe rami yote, maana kompyuta ikianza kuazima nafasi kwenye diski, kasi yote uliyoipata itapotea.

Wa tatu, ambao kwa mwanafunzi ni muhimu kuliko yote, ni MultiPV, yaani idadi ya njia zinazoonyeshwa. Weka 3. Injini itapungua kasi kidogo, lakini njia moja inakupa amri, na njia tatu zinakupa kitu cha kulinganisha.

Mfano: Morphy, Paris, 1858

Chukua mchezo maarufu ambao Paul Morphy alicheza kwenye jumba la opera mjini Paris dhidi ya mtawala wa zamani wa Brunswick na Count Isouard walioshirikiana. Hatua za kwanza zilikuwa hizi: 1. e4 e5, 2. farasi f3, d6, 3. d4, askofu g4, 4. d4 anakula e5, askofu anakula f3, 5. malkia anakula f3, d6 anakula e5, 6. askofu c4, farasi f6, 7. malkia b3, malkia e7. Ni zamu ya Nyeupe, hatua ya 8.

Morphy alitoa farasi c3. Ukiwa na njia moja tu kwenye skrini, utaona injini inataka kula askari, na unaweza kuondoka ukiamini kuwa bingwa alikosea. Fungua njia tatu, kisha zichezeshe mwenyewe ubaoni. Malkia akila b7, Nyeusi hutoa cheki kwa malkia b4, malkia wanabadilishana, na Nyeupe inabaki na askari mmoja zaidi. Askofu akila f7 kwanza kwa cheki, Nyeusi haiwezi kumla kwa malkia bila kupoteza ngome ya a8 baada ya malkia kula b7. Ikimkimbiza mfalme d8, malkia anakula b7, malkia wanabadilishana tena b4, na Nyeupe ina askari wawili zaidi. Sasa cheza farasi c3 ya Morphy uone. Nyeupe bado iko juu, kete zake zote zinaingia uwanjani, na malkia wake anabaki. Kwenye hatua ya 9 Nyeusi ikasukuma b5, Morphy akamtoa farasi kula askari huyo, na kwenye hatua ya 17 ngome ikafika d8 na mfalme akafungwa.

Somo ninalolipata ni kwamba Nyeupe ilikuwa mbele kwa njia zaidi ya moja, na kila njia inadai ustadi wake. Namba moja isingenionyesha hilo.

Kuisoma namba

Zamani "+1.00" ilimaanisha faida ya askari mmoja. Tangu Stockfish 15.1 ya mwaka 2022, maana imebadilika: injini ikicheza na injini mwenzake, upande wenye +1.00 una nafasi ya asilimia 50 ya kushinda. Kwa hiyo tofauti kati ya +0.20 na +0.35 isikunyime usingizi, kwa mchezaji wa klabu ni kitu kilekile. Tafuta mruko. Namba ikitoka +0.30 kwenda −2.50 kwa hatua moja, hapo ndipo ulipoanguka. Ipe injini nusu dakika kwenye nafasi hiyo kabla ya kuiamini, maana jawabu la sekunde ya kwanza mara nyingi hubadilika.

Utaratibu wa kazi

Baada ya mchezo, naingiza hatua zote Scid injini ikiwa imezimwa. Kila mahali nilipofikiri kwa muda mrefu, naandika kwa maneno yangu: niliogopa nini, nilitaka nini, niliona njia ipi. Naweka alama pale ninapodhani mchezo ulipinduka. Kisha naiwasha injini na kulinganisha.

Mara nyingi nilipoweka alama si penyewe. Huwa naweka kwenye hatua ya 25 nilipopoteza kete, injini ikanionyesha hatua ya 18 nilipoacha mraba wazi. Pengo hilo, kati ya nilivyodhani na ilivyokuwa, ndilo zoezi langu la wiki. Nikiiwasha injini mapema silioni kabisa, kwa sababu jibu likishatokea kwenye skrini, akili hujidanganya kuwa ililijua tangu mwanzo.

Kwa hiyo, ndugu mchezaji, chukua faili linaloendana na prosesa yako, ongeza Threads na Hash kwa kiasi, weka MultiPV 3. Kisha zima injini, chukua mchezo wako wa mwisho uliopoteza, na andika mwenyewe ulikosea wapi. Ukimaliza kuandika, iwashe.